Taa ya ABS Ikiwaka, Usikimbilie Pampu

Mara ya kwanza taa ya ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande ukikanyaga breki kwa nguvu, iliwaka nikikata kona ya kuingia nyumbani, Kahawa West, wiki ile ya Aprili ambayo mvua ilinyesha siku tatu bila kupumua. Nikazima gari, nikawasha tena, ikapotea. Nikajiambia ni maji tu. Asubuhi yake niliteremka Thika Road vizuri kabisa, lakini nilipofika mzunguko wa Globe na kuupinda usukani, hiyo hapo tena, ya manjano, herufi tatu ndani ya duara.

Gari ni Toyota Corolla NZE ya mwaka 2003. Nadhani kila ukoo Nairobi una moja.

Nilipeleka gereji. Fundi alifungua boneti, akaangalia lile bonge la alumini lenye mabomba madogo mengi ya breki, akaligonga na spana mara mbili kama mtu anayechagua tikitimaji, akasema, "Mkubwa, hii pampu imekufa. Tukutafutie ingine ya mtumba." Na kazi yake, shilingi 28,000. Hakuinamia gurudumu hata moja. Siku hiyo sikuwa na pesa hizo. Umaskini umeniponza mara nyingi, lakini siku hiyo uliniokoa, maana pampu haikuwa na kasoro yoyote.

Nieleze kidogo kwa nini pampu ndiyo ya mwisho kushukiwa. Karibu na kila gurudumu kuna sensa, kitu kidogo ukubwa wa kidole gumba, na mbele yake kuna pete ya chuma yenye meno inayozunguka pamoja na gurudumu. Kwenye magari ya umri wa langu, sensa za mbele ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Kila jino likipita, umeme kidogo unazaliwa, na kompyuta inahesabu. Ukikanyaga breki kwa nguvu na gurudumu moja likaanza kuganda kabla ya mengine, kompyuta inalegeza breki ya gurudumu hilo na kuikaza tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ndio ule mtetemo unaousikia kwenye pedali. Sasa kompyuta ikikosa kumsikia mmoja kati ya wanne, haibahatishi. Inajitoa kazini na kuwasha taa. Kwa hiyo taa ile haisemi "pampu imekufa." Inasema "kuna kitu sikielewi." Na fikiria nani anaishi vibaya zaidi: pampu iliyokaa pakavu chini ya boneti, au sensa inayooga tope la barabara za mtaani kila siku?

Kabla ya kushika spana, kuna jambo moja la usalama. Taa ya manjano ya ABS ikiwaka peke yake, breki zako za kawaida zipo. Umepoteza tu ule uwezo wa kuzuia magurudumu yasigande, kwa hiyo acha nafasi zaidi mbele yako, hasa lami ikiwa imelowa. Ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya breki, na hukuacha brekimkono imevutwa, usiendelee. Huenda mafuta ya breki yamepungua, au ule mgawanyo wa nguvu kati ya breki za mbele na za nyuma umepotea, na nyuma inaweza kuteleza ukikanyaga ghafla. Egesha, angalia kopo la mafuta ya breki, tafuta msaada.

Turudi kwa yangu. Nilikuwa nimenunua kale kamashine kadogo ka bluetooth ka kusoma makosa ya gari, kanakoshikana na simu. Kalinisomea injini yote kuwa nzima, kikakaa kimya kuhusu ABS. Vile vya bei nafuu vingi husoma injini peke yake, kwa hiyo ukisikia fundi akisema "mashine haioni shida," muulize ni mashine gani.

Lakini Toyota nyingi za miaka hiyo zinaweza kukuambia zenyewe, kwa kipande cha waya. Chini ya dashibodi, karibu na goti la dereva, kuna plagi yenye matundu 16 katika safu mbili. Safu ya juu inahesabiwa 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini 9 hadi 16. Ufunguo ukiwa umezimwa, unganisha tundu la 4 na la 13, yaani la nne juu na la tano chini. Hesabu mara mbili kabla ya kuchomeka, kwa sababu tundu la 16 lina umeme wa betri muda wote na halina utani. Kisha washa ufunguo bila kuwasha injini. Dashibodi itaanza kupepesa kama mti wa Krismasi, usishtuke. Wewe itazame ya ABS tu. Ikipepesa haraka haraka bila kukoma, hakuna kosa lililohifadhiwa. Yangu ilipepesa mara tatu, ikatulia, ikapepesa mara mbili. Thelathini na mbili. Kwa Toyota hizi, 31 ni sensa ya mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto, ukihesabu kama uliyeketi ndani ya gari. Ukipata 41, umeme uko chini, kwa hiyo pima betri na alternata kabla ya kitu kingine.

Kwa hiyo, upande wa abiria mbele. Nikalegeza nati za tairi kidogo, nikapiga jeki, nikaweka jiwe na kigogo chini kwa sababu jeki siiamini, nikatoa tairi. Na sikuhitaji hata mita ya kupimia umeme kuanza kushuku. Waya wa sensa hutoka kwenye gurudumu, unapanda ukiwa umebanwa kwenye shokomzoba, halafu unaingia ndani ya madigadi. Ule ubanio wa kwenye shokomzoba ulikuwa unaning'inia. Bolti haikuwepo. Waya ulikuwa umelegea, na kila usukani ulipopindwa, ulivutika mpaka ukakaza. Mpira wake wa nje ulikuwa umeng'ara mahali pamoja, ule mng'aro wa kitu kinachosuguliwa kila siku. Nikakumbuka: Januari nilibadilishiwa shokomzoba za mbele.

Nilichomoa plagi ya sensa, nikaweka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa waya. Mita yangu ni ile ya manjano ya bei ya chini kabisa, lakini kwa kazi hii inatosha. Ikasoma 1.6, yaani omu 1,600. Nzima! Hapa ndipo wengi huishia, wanafunga kila kitu na kurudi kwa hadithi ya pampu. Mimi nilishika ule waya pale ulipong'ara nikaukunja taratibu, kama unavyokunja bomba la maji kuzuia yasitoke. 1.6, 1.6, halafu tarakimu zikatoweka ikabaki "1" moja pembeni kushoto, alama ya kwamba hakuna njia. Nikaachilia, 1.6 ikarudi. Nikakunja tena, ikapotea tena. Nilikaa pale juu ya ndoo nikirudia kama mtoto aliyegundua swichi ya taa. Shaba ilikuwa imekatika ndani, ngozi ikiwa nzima nje.

Kama hujui usomaji sahihi wa gari lako, pima na sensa ya upande wa pili. Yangu ya kulia ilitoa karibu sawa kabisa. Sensa nyingi za aina hii husoma kati ya omu mia kadhaa na elfu mbili hivi. Jaribio zuri zaidi ni kuiweka mita kwenye volti za AC, kiwango cha chini kabisa, kisha mtu azungushe gurudumu kwa mkono. Namba zikipanda na kushuka na mwendo, sensa iko hai. Ila gari jipya zaidi huwa na sensa za aina nyingine, zinazopewa umeme na kompyuta ili zifanye kazi. Hizo usizipime omu kabisa. Zinasomwa kwa mashine.

Ningeweza kuunga waya? Ningeweza, na kuna watu wameunga wakaenda miaka. Lakini pale ulipokatika ndipo unapokunjwa kila kona, na kiungo kilicholehemiwa kwa risasi ni kigumu, hakipendi kukunjwa. Nikaenda Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri vya magari mjini, kutafuta sensa ya mtumba kutoka Japani. Ushauri wangu wa huko ni mmoja: nenda na mita mfukoni na sensa yako ya zamani mkononi. Nilipima tatu mbele ya muuzaji, huku nikizikunja waya. Ya kwanza ilikuwa mfu. Ya pili ilikuwa nzima lakini ya upande wa kulia, na waya zake zina urefu na vibanio tofauti. Muuzaji akaniambia, "Mkubwa, ni ile ile tu, utaipinda." Hapana. Ya tatu nikaichukua kwa shilingi 1,800.

Kuifungua ile ya zamani ndiyo kazi iliyochukua nusu siku. Bolti yenyewe ni ya spana namba 10 na ilitoka vizuri, lakini mwili wa sensa ulikuwa umeshikwa na kutu kwenye tundu lake. Usiikoroge na bisibisi, utaivunjia ndani na hapo ndipo kilio. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, izungushe kushoto na kulia kidogo kidogo. Ilipotoka nilisugua tundu kwa msasa mpaka chuma kikaonekana, nikapangusa meno ya pete kwa mswaki mkuukuu, nikaweka ile niliyonunua. Hakuna haja ya kutoa hewa kwenye breki kwa kazi hii, kwa sababu hujagusa mafuta. Anayekutoza kwa hilo anakula tu.

Kufuta kosa: rudisha kile kipande cha waya kwenye tundu la 4 na 13 la plagi ya dashibodi, washa ufunguo, kanyaga pedali ya breki mara nane au zaidi ndani ya sekunde tano. Taa ikaanza kupepesa ule mwendo wa haraka. Nikatoa waya, nikazunguka mtaa mzima nikipinda kona zote za Kahawa West. Kimya.

Kuna tatizo la pili ambalo halina taa, nalo linawala watu pesa zaidi. Shemeji yangu ana Toyota Probox, na kwa mwezi mzima kila aliposimama taratibu, kwenye mwendo wa mwisho kabisa kabla ya gari kutulia, pedali ilinguruma chini ya mguu na gari likasogea kidogo mbele. Walimwambia diski zimepinda. Akazichonga. Ikanguruma. Akanunua pedi mpya. Ikanguruma. Diski iliyopinda hutikisa usukani unaposhika breki ukiwa na kasi, na hupungua kadiri unavyopunguza mwendo. Hii ya kwake ilikuwa kinyume, ilikuja mwishoni tu. Ni ABS inayodanganywa: kwenye mwendo mdogo ishara ya sensa ni dhaifu, na kama sensa imejaa uchafu au kutu imeisukuma mbali na pete, kompyuta inadhani gurudumu limeganda, inalegeza breki wakati usiofaa. Tulienda uwanja mtupu, tukatoa fyuzi ya ABS, tukasimama taratibu mara kumi. Ngurumo ikaisha. Sensa ya mbele kulia ilikuwa imevaa ndevu za vumbi la chuma, lile linalotoka kwenye pedi na kunaswa na sumaku. Kitambaa na dakika kumi. Sikumkumbusha pesa za diski, ni shemeji.

Na kama taa iliwaka mara tu baada ya kubadilishiwa beringi ya gurudumu, rudi kwa aliyeibadilisha. Kwenye magari mengi ya karibuni pete ile haina meno, ni utepe wa sumaku uliofichwa kwenye sili ya beringi, upande mmoja tu. Beringi ikipigwa kinyume, gurudumu linazunguka vizuri na sensa haioni kitu.

Kwa anayenunua gari la mtumba hapa mjini: usiwashe injini haraka. Washa ufunguo tu, uitazame taa ya ABS. Inatakiwa iwake sekunde chache, kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu alitoa balbu au akaibandika. Wajanja zaidi huiunganisha na taa ya mafuta ya injini ili zizime pamoja, kwa hiyo kama zote mbili zinazima sekunde ile ile injini inapowaka, kila mara, uliza maswali.

Nilijaribu yangu Jumapili asubuhi, barabara ya murramu tupu, kilomita 40 kwa saa, mguu wote kwenye breki. Pedali ikatetemeka ilivyotakiwa. Gari lilichukua nafasi kubwa kusimama, na hiyo ni kawaida, kwa sababu kwenye changarawe gurudumu lililoganda hujirundikia udongo mbele, na ABS hairuhusu hilo. Kumbuka hili ukienda ocha, kijijini, Desemba.

Ilibaki bolti ya ule ubanio. Nilipita kwa fundi wa shokomzoba, nikamwonyesha waya uliokatika. Aliugeuza geuza mkononi, akasema pole, akainama chini ya benchi akatoa kopo la maziwa ya unga lililojaa bolti za magari ya watu, akachokora mle ndani, akanipa moja ya namba 10.