Wakili Unayewaza Ubunge, Anza na Wateja Wako

Kila uchaguzi ukikaribia, mawakili vijana hunipigia simu kuniuliza wachukue fomu jimbo gani na kupitia chama gani. Mimi huwauliza kwanza wanamtetea nani sasa hivi. Nimefanya kazi ya uwakili wa kujitegemea kwa muda mrefu, nimesimamia kesi za ardhi na za uchaguzi, na nimewasaidia wabunge kuandaa majedwali ya marekebisho, yaani orodha za mabadiliko wanayotaka kwenye muswada, Dodoma. Nina msimamo mmoja ambao sijaona sababu ya kuubadili: wakili anayefaa ubunge ni yule ambaye angeendelea na kazi ileile hata kura zisipotosha.

Mtazameni Tundu Lissu. Hata usiyependa chama chake, CHADEMA, ifuate safari yake kama mwanasheria. Alizaliwa Ikungi, Singida, mwaka 1968, akasoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuendelea Warwick, Uingereza. Kabla ya ubunge alikuwa LEAT, wanasheria watetezi wa mazingira, akifuatilia madai ya wachimbaji wadogo walioondolewa kwenye eneo la dhahabu la Bulyanhulu mwaka 1996. Mwaka 2002 kazi hiyo ilimletea shtaka la uchochezi. Singida Mashariki walimchagua mwaka 2010. Hesabuni wenyewe miaka iliyopita hapo katikati. Aliposimama bungeni kuzungumzia madini, alikuwa anazungumzia mafaili aliyokwisha kuyabeba mwenyewe. Mambo hayo hayapatikani kwa kukariri hotuba wiki mbili kabla ya kura za maoni za chama.

Upande wa CCM yupo Dkt. Harrison Mwakyembe, aliyefundisha sheria chuo kikuu kabla ya kuwa mbunge wa Kyela. Aliongoza Kamati Teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, na ripoti ilipowasilishwa Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Kamati kama ile huishi kwa kuhoji mashahidi na kulinganisha nyaraka, ufundi uleule unaofundishwa kwenye Shule ya Sheria kwa Vitendo na ambao wengi wetu tunauona hauna mvuto.

Sasa niwaambie kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu wengi mnaijua kupitia vipande vya video tu. Muswada ukija kwa hati ya dharura, yaani ukitakiwa upitishwe haraka, muda wa kuusoma ni mfupi mno. Jioni moja nilikaa na mbunge, mama mtu mzima aliyekuwa mwalimu, tukipitia muswada kifungu kwa kifungu mezani kwake. Kimoja kilimpa Waziri mamlaka ya kutunga kanuni, na neno lililotumika lilikuwa "anaweza". Nikamweleza kwamba Waziri asipotunga kanuni hizo, haki iliyoahidiwa kifungu cha juu yake itabaki kwenye karatasi. Akavua miwani, akaniambia, "Mwanangu, nieleze kama unavyomweleza mama yako akiwa jikoni." Nikaeleza upya. Yeye mwenyewe akaliandika pendekezo la kubadili neno hilo kuwa "atatunga". Kazi ya mwanasheria bungeni ni hiyo zaidi kuliko kurushiana maneno na mawaziri. Kamati ya Bunge Zima inapopitisha vifungu, mwenye jedwali lililoandikwa vizuri ana nafasi. Aliyebaki na hasira tu, muswada unampita.

Jizoezeni pia kusema sheria kwa Kiswahili kilichonyooka. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu, lakini wapo mawakili wanaoshindwa kumweleza mteja maana ya zuio bila kukimbilia Kiingereza. Mpiga kura wa kijijini hawezi kukutuma Dodoma kama hakuelewi ofisini kwako.

Kuna hatari ambazo nataka mzijue kabla hamjachapisha mabango. Ibara ya 100 ya Katiba inalinda maneno ya mbunge ndani ya Bunge. Haikufuati kwenye mkutano wa hadhara wala mbele ya waandishi wa habari, na Lissu akiwa mbunge alishtakiwa zaidi ya mara moja kwa maneno aliyoyatoa nje ya ukumbi. Isomeni na Ibara ya 71. Mbunge akikosa mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ruhusa ya Spika, kiti kinaondoka. Ipo na taarifa ya mali inayotakiwa kuwasilishwa kwa Spika. Lissu alipigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017, akatibiwa Nairobi na baadaye Ubelgiji. Juni 2019 Spika Job Ndugai alitangaza kwamba Lissu amepoteza ubunge, akitaja utoro na fomu za mali. Alikwenda Mahakama Kuu na ombi lake likatupwa. Mimi jambo hilo liliniuma na bado linaniuma, maana mtu alikuwa bado anauguzwa. Ndiyo maana kila mbunge ninayemshauri namwambia: barua ya ruhusa iandikwe, ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ikae kwa wakili wako, hata kama unaumwa mafua.

Kuhusu fedha, nitasema kwa ufupi. Msiuze ofisi kugharamia kampeni. Lipeni ada na huisheni leseni kila mwaka, ubunge upo au haupo. Lissu alichaguliwa rais wa TLS, Chama cha Wanasheria Tanganyika, Machi 2017 akiwa bado mbunge, kwa sababu mawakili walikuwa bado wanamhesabu kuwa mwenzao. Na kabla hujachukua fomu, kaa na kila mteja mwenye kesi inayoendelea. Mwambie nani atasimama badala yako, mpe nakala za hati zake, mrudishie ada ya kazi ambayo hujaifanya. Hao ndio watakaoulizwa na majirani zao wewe ni mtu wa namna gani.