Nyumba ya kale yenye rangi mpya: yaangalie haya kabla hujanunua

Mtu akiniuliza anunue nyumba ya namna gani kwenye mtaa wa kihistoria, namwambia atafute ile ambayo haijaguswa sana. Ushauri huu huwashangaza wengi, maana macho ya mnunuzi huvutwa na nyumba iliyokarabatiwa juzi: kuta zinang'aa, sakafu imesuguliwa, jiko ni jipya, na dalali anasema hakuna kazi iliyobaki, ni kuhamia tu. Nimenunua kwenye mtaa wa aina hiyo na naishi humo, na nimeingia nyumba nyingi za majirani wakati mafundi wamefungua kuta. Matatizo makubwa niliyoyaona yalifichwa na kazi mpya.

Chukua ukuta. Saruji ya Portland, yaani saruji ya kawaida ya leo, ilipewa hataza (haki rasmi ya mvumbuzi) mwaka 1824, na ilichukua miongo mingi kuenea. Nyumba ya mawe au matofali iliyosimama kabla ya hapo kwa kawaida imejengwa kwa chokaa: kati ya mawe au matofali, kwenye lipu, mara nyingi hata kwenye rangi. Ukuta wa chokaa hupokea unyevu na kuutoa tena hewani. Ukipigwa lipu ya saruji au kupakwa rangi isiyopitisha hewa, maji bado yataingia kwenye nyufa ndogo, ila hayatapata pa kutokea. Yatakaa ndani, yatasukuma chumvi hadi usoni pa ukuta, yatafika kwenye ncha za boriti zilizochomekwa humo, na mbao zitaanza kuoza mahali ambapo hakuna anayeziona. Kwa msimu mmoja au miwili ukuta huo hupendeza kweli, na ni katika kipindi hicho wanunuzi huletwa kuuona.

Kwa hiyo nenda kaikague nyumba siku ya mvua, au kesho yake. Weka kiganja ukutani karibu na sakafu. Nusa ndani ya makabati yaliyojengewa ukutani, kwa kuwa rangi mpya haiondoi harufu ya ukungu. Kisha tazama juu, kwenye paa na mifereji. Mfereji mmoja ulioziba unaweza kuozesha pembe nzima ya nyumba iliyodumu vizazi. Mlipe mkaguzi wa majengo anayeyajua majengo ya chokaa, na umtafute mwenyewe badala ya kuletewa na dalali. Aliyezoea majengo mapya tu, hata awe hodari, akikuta unyevu anaweza kukushauri uongeze saruji.

Uliza pia kuhusu vumbi. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye madini ya risasi majumbani mwaka 1978, na Uingereza ilikamilisha marufuku ya asbesto, nyuzi za madini zilizotumika kwenye vifaa vya ujenzi, mwaka 1999. Nyumba ya zamani zaidi ya hapo inaweza kuwa na vyote viwili. Rangi hiyo ikiwa nzima na imefunikwa, hatari yake ni ndogo; ikisuguliwa bila tahadhari, vumbi lake hudhuru, hasa watoto wadogo. Basi sakafu na milango inayong'aa iulizie: ilisuguliwa na nani, na alifanyaje?

Jambo la pili zito ni vibali. Mitaa hii imebaki mizuri kwa sababu kuna sheria zinazoilinda. Mji wa Charleston huko Marekani uliweka sheria yake mwaka 1931. Ufaransa ilitunga ya kwake mwaka 1962, na ndiyo iliyosaidia kuunusuru Marais, mtaa wa Paris uliokuwa umechakaa vibaya. New York iliitangaza Brooklyn Heights kuwa eneo lake la kwanza la kihistoria mwaka 1965. Wako wanaoziona sheria hizi kuwa usumbufu. Mimi nazishukuru, kwa sababu jirani hawezi kuamka akabomoa nyumba ya kale na kuinua jengo la vioo mbele ya dirisha langu. Ila zinanibana na mimi. Madirisha, paa, mlango wa mbele, pengine hata rangi ya nje, vyote vinaweza kuhitaji kibali, na kibali kinaweza kuchukua miezi.

Hapo ukarabati wa aliyekutangulia unaweza kuwa mzigo wako. Huko England, jengo lililoorodheshwa, yaani lililo kwenye orodha rasmi ya majengo yanayolindwa, likibadilishwa bila kibali, mamlaka inaweza kumwamuru mmiliki wa sasa alirudishe lilivyokuwa, hata kama kazi ilifanywa na mwingine zamani, na hakuna ukomo wa muda. Nchi nyingine zina taratibu zake, lakini popote ulipo omba karatasi za kila kilichobadilishwa, uzilinganishe na unachokiona. Ukikuta dirisha la plastiki kwenye nyumba ya karne ya 19 na hakuna kibali chake, wakili wako amwandikie muuzaji kabla hujalipa hata amana.

Bima nayo ikadiriwe kwa gharama ya kuijenga upya nyumba kwa mawe, mbao na ufundi ule ule, kwani inaweza kuipita bei uliyonunulia. Maegesho ni shida, na watalii watapiga picha mlango wako. Hayo huzoeleka. Ninachokipenda ni kwamba mtaa uliochorwa kabla ya magari hukutanisha watu kwa miguu, na majirani hufahamiana.

Majirani hao uwatafute kabla ya kusaini. Waulize maji hupita wapi mvua ikinyesha sana, na ukuta wa katikati ni wa nani. Waulize pia fundi wao wa chokaa ni nani, kisha mpigie mapema, kwa sababu mafundi wazuri wa kazi hiyo ni wachache na foleni yao ni ndefu.