Kwa Mnaotumwa Nampula: Mwaka wa Kwanza Msiupangie Mikutano

Familia moja changa ya kanisa letu hapa Kigoma inajiandaa kwenda kuhudumu kaskazini mwa Msumbiji, miongoni mwa Wamakua wa mkoa wa Nampula, na kwa kuwa nilihudumu huko kwa miaka kadhaa kabla ya kurejea nyumbani, mchungaji ameniomba niwaandikie ushauri. Nimeona niuandike mahali ambapo na wengine watausoma, kwa sababu najua wapo ndugu Kasulu, Kibondo na hata Tabora ambao wanaombea safari kama hiyo.

Jambo ninalotaka mlishike kabla ya mengine yote ni kwamba mwaka wa kwanza usipangiwe mikutano ya injili wala hesabu ya waongofu. Upangiwe lugha, majirani na kusikiliza, na makubaliano hayo yaandikwe na kutiwa saini na kamati ya misheni kabla hamjaondoka. Kanisa linalowatolea sadaka kila mwezi litaanza kuulizia matunda mapema, tena kwa nia njema kabisa, na mmisionari asiye na maandishi ya kujitetea atajikuta anahubiri kupitia mkalimani, mbele ya watu asiowafahamu, ili tu apate cha kujaza kwenye taarifa ya robo mwaka.

Sisi wa ukanda huu wa Ziwa Tanganyika tuna pa kujifunzia. Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walifika Ujiji mwaka 1879, wakiwa wameagizwa na mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, waseme lugha ya watu, wale chakula chao, wavae kama wao, na wasiishi kituoni pungufu ya watatu. Mimi si Mkatoliki, lakini agizo hilo naliheshimu sana. Ninayemkumbuka zaidi katika kazi yao ni Adrien Atiman, aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa uganga wa kisasa Malta, kisha akafika Karema, kusini mwetu, mwaka 1889. Alioa huko, akatibu watu huko, na huko huko akafariki mwaka 1956. Alikuwa Mwafrika aliyekuja kwa Waafrika, na bado alikuwa mgeni kama ninyi mtakavyokuwa. Nasema hivi kwa sababu Mtanzania anayekwenda Msumbiji hudhani kwamba, kwa kuwa rangi ni moja na vyakula vinafanana, hana utamaduni mpya wa kujifunza.

Vyakula kweli vinafanana. Ugali wa muhogo mtaukuta, kisamvu mtakikuta, na korosho zitakuwa nyingi kuliko mlivyowahi kuona. Tofauti iko kwenye ukoo. Sisi Waha tunafuata upande wa baba, ilhali Wamakua wanafuata upande wa mama, na kwa desturi mwanamume akioa huhamia kwa kina mke wake. Niliwahi kualikwa kwenye mazungumzo ya posa katika kijiji kimoja nje ya mji wa Nampula. Baba wa binti alikuwepo; alikaribisha wageni, akahakikisha kila mtu amepata pa kukaa, kisha akanyamaza. Maswali yote yaliulizwa na mjomba, kaka wa mama yake binti, na hata yeye kabla ya kutoa jibu aligeuka akamtazama bibi mmoja aliyekaa mkekani karibu na mlango, akibangua korosho bila kusema neno. Bibi huyo alikuwa apwiyamwene, mama mkuu wa ukoo. Alipoinamisha kichwa, mjomba akajibu.

Sasa fikirini mmisionari aliyefundishwa kwamba, akifika kijijini, amtafute baba mwenye nyumba. Atakubaliwa kwa adabu, atapewa chakula, na jambo lake halitasogea, kwa kuwa wenye uamuzi hajawasalimu. Iwe ni kiwanja cha kanisa, ubatizo wa kijana au ugomvi wa ndoa, ulizeni kwanza mjomba ni nani na mama mkuu anakaa wapi. Mambo haya hamtayajua kwa kusimuliwa na mtu mmoja kama mimi. Yanahitaji miezi ya kukaa mikekani, ndiyo maana nimesisitiza mwaka huo.

Kuhusu lugha, Kiswahili hakitawafikisha mbali mkiwa Nampula. Ofisini na hospitalini ni Kireno, na nyumbani kwa watu ni Kimakua. Anzeni Kireno mkiwa bado Kigoma, lakini moyo wenu uwe kwenye Kimakua. Waislamu ni wengi huko, hasa pwani, na hapo aliyekulia Ujiji ana faida kubwa, maana amezoea kuishi nao kwa heshima, kwenda misibani kwao na kupokea futari yao.

Hati zianze kushughulikiwa mapema kuliko mnavyodhani. Sisi wa mikoa ya mpakani huulizwa maswali mengi ya uraia, kwa hiyo muwe na vitambulisho vya taifa, vyeti vyenu vya kuzaliwa na vya wazazi, au viapo kama vyeti vya wazazi havipo. Mtanzania huingia Msumbiji bila viza kwa matembezi mafupi, lakini utumishi si matembezi. Mtahitaji kibali cha ukaazi, na vyeti vyenu kutafsiriwa kwa Kireno. Chanjo ya homa ya manjano ichanjwe walau siku 10 kabla ya safari.

Fikeni mwezi Mei au Juni, mvua zikiwa zimekwisha. Msimu wa vimbunga ni Novemba hadi Aprili, na kimbunga Gombe kilichopiga pwani ya Nampula Machi 2022 kiliharibu nyumba nyingi. Njia ya barabara kupitia Cabo Delgado, mkoa ulio kati ya mpaka wetu na Nampula, siishauri, kwani vita vilivyoanza huko Oktoba 2017 vimewafukuza watu wengi makwao, na baadhi yao mtawakuta Nampula. Waliowahi kuhudumu katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wanajua namna ya kukaa na mtu aliyekimbia vita: hamumuulizi habari zake, mnasubiri azianze mwenyewe.

Fedha za ahadi zinazotolewa siku ya ibada ya kuwatuma zisihesabiwe kuwa mapato. Hesabuni zile tu ambazo mtoaji ameanza kuzileta miezi michache kabla ya safari. Kikundi cha akina mama wanaouza dagaa na mawese, kikileta kidogo kila mwezi bila kukosa, kitawatunza kuliko ahadi kubwa iliyoandikwa kwa furaha ya siku moja.

La mwisho linaumiza kulitaja, lakini litajeni wazazi wakiwa hai. Kaeni nao, pamoja na ndugu zenu, mkubaliane itakuwaje ikitokea msiba mkiwa mbali: nani atasimamia mazishi, kama mtasubiriwa, na kwa siku ngapi. Kisha ombeni kanisa litenge nauli ya dharura ya mtu mmoja kwenda na kurudi, ikae kwa mhazini, isiguswe kwa jambo lingine lolote, na mwenye kuidhinisha awe mtu anayepokea simu usiku.