Umeagiza Bembea Kutoka China? Anza na Geti Kwanza

Msomaji mmoja wa Morogoro kanitumia ujumbe mrefu. Amepata eneo karibu na stendi, ameagiza mashine za michezo ya watoto kutoka China: farasi wa kuzunguka, treni ndogo na majumba mawili ya upepo ya kurukia. Kontena liko njiani. Anasema, "Dada, wewe umefanya kazi hizi Uarabuni, nipe siri ya kuvuta watu siku ya Idi na Krismasi."

Kaka yangu, watu watakuja tu. Siku ya Idi mtoto ana nguo mpya na hela mkononi. Hata ukining'iniza tairi kwenye mwembe atapanga foleni. Aliyewahi kupita uwanja wa michezo ya watoto wa Kariakoo ya Unguja jioni ya Idi anajua ninachosema. Shughuli inaanza saa kumi, wakati wote wameshafika, jua bado halijalegea, mama mmoja kabeba mtoto anayelia na mwingine anakuambia "sisi tulikuwa mbele ya hawa". Biashara inakufa au inapona hapo, na mashine haina msaada wowote kwako saa hiyo.

Ngoja niwaeleze nilikotoka, maana wengi mnaniona na michezo yangu hapa Tanga mnadhani niliachiwa urithi.

Nilikwenda Emirates na cheti cha hoteli. Wakala alisema kazi ni ya mapokezi. Kufika kule nikapewa fulana, kofia na redio ya upepo: mwendeshaji wa michezo kwenye uwanja mkubwa wa burudani. Sitautaja jina, na mbele kidogo mtaelewa sababu. Kule viwanja vikubwa kadhaa vimejengwa ndani, kwenye kiyoyozi, kwa sababu ya joto. Ferrari World ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa 2010, iko chini ya paa jekundu kubwa ajabu, na rolakosta yake ya Formula Rossa, yaani treni ya michezo inayokimbia kwenye reli za kupanda na kushuka, inachomoka nje kwa kilomita 240 kwa saa. Abiria wanavalishwa miwani ili mchanga na wadudu wasiwaingie machoni. Dubai kuna IMG Worlds of Adventure, ya 2016, nayo ni ya ndani. Ukiviona vitu vile unaamini mtu mkubwa pale ni injinia.

Mimi nikapangwa kupakia abiria. Treni inaingia, wa zamani wanashukia kushoto, wapya wanapandia kulia. Unapita safu kwa safu: unashusha kile chuma cha mapajani, unakisukuma, kisha unakivuta juu kwa nguvu uone kama kimeshika kweli. Ukimaliza unanyanyua dole gumba. Mwenzako wa upande wa pili naye ananyanyua lake. Ndipo yule wa kwenye kibanda anabonyeza vitufe, na kwenye mchezo wetu vilikuwa viwili, vimewekwa mbalimbali makusudi ili mikono yake yote iwe pale na macho yake yawe kwenye treni. Unafanya hivyo asubuhi hadi jioni. Miguu inawaka. Ukilala unaota vyuma.

Lakini pale nikaanza kuona hesabu, na nikaipenda kuliko kitu chochote nilichosoma chuoni. Chukulia treni yenye viti 20. Ukiiondoa kila baada ya sekunde 90, kwa saa moja imeondoka mara 40: watu 800. Ukichelewa sekunde 30 tu kila safari, inaondoka mara 30: watu 600. Sasa foleni ina watu 1,200. Kwa mwendo wa kwanza, wa mwisho anangoja saa moja na nusu. Kwa mwendo wa pili anangoja saa mbili. Watu ni walewale, mashine ileile, kasi ya treni ileile. Nusu saa nzima ya hasira imetokana na sekunde 30 za mtu anayetafuta pa kuweka simu yake. Kuna profesa wa Marekani, John Little, aliyethibitisha kanuni hiyo kihisabati mwaka 1961: idadi ya waliomo kwenye foleni ni kasi ya kuhudumia mara muda wa kungoja. Nilipokuja kusoma habari zake nilicheka peke yangu, kwa sababu miguu yangu ilikuwa imeshaijua.

Viti vitupu navyo vina hesabu yake. Watu wanakuja watatu, safu ni za wawiliwawili, wa tatu anakaa peke yake na kiti cha pembeni kinaondoka kitupu. Viti viwili vitupu kila safari, mara safari 40, ni watu 80 kwa saa uliowaacha wamesimama. Ndiyo maana viwanja vikubwa vina foleni ya pembeni ya waliokuja wenyewe bila kundi, wa kujazia mapengo. Yule anayesimama mwanzo wa jukwaa na kuuliza "mko wangapi?" huku akihesabu safu kichwani ndiye anayeingiza pesa. Mgeni hamwoni kabisa.

Sasa nifike kwenye donda langu.

Nilikuwa nimegundua kinachotuchelewesha. Hakikuwa vyuma. Kilikuwa ni kandambili, simu, funguo, kofia, ncha za mitandio na abaya ambazo lazima zikunjwe zisije zikanasa. Yote yalifanyika treni ikiwa imesimama. Nikamwambia msimamizi wetu: tumweke mtu mmoja nyuma, foleni ikiwa bado inatembea, awaambie watu watoe vitu mfukoni na wafunge mitandio kabla hawajafika getini. Akanijibu kwamba kazi yangu ni kupakia. Baada ya muda utaratibu ukaanza, vilevile nilivyousema, hadi mahali pa kusimama mtu. Treni zikaanza kuondoka kwa wakati. Na picha ya mfanyakazi bora wa mwezi iliyotundikwa kantini ilikuwa ya msimamizi, anatabasamu, kashika bahasha. Nilikuwa napita mbele ya picha ile na sahani yangu ya wali kila mchana. Nafasi ya usimamizi ilipotokea akapewa kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe kuvuta vile vyuma. Nimesamehe, mume wangu anasema sijasamehe.

Kwa hiyo ndugu yangu unayefanya kazi kwa watu, hapa, Doha au popote: wazo lako liandike. Tuma kwa barua pepe, weka tarehe, weka nakala kwa bosi wa bosi wako. Wazo la mdomoni ni mali ya aliyelisikia. Vijana mna akili nyingi na maandishi machache, ndiyo maana mnaonewa.

Turudi Morogoro. Farasi wako wa kuzunguka tuseme wana viti 16. Mchezo dakika tatu, kushusha na kupakia dakika tatu: duru kumi kwa saa, watoto 160. Punguza kupakia kuwe dakika mbili, usiguse dakika za mchezo maana mtoto anahesabu kuliko wewe, utapata duru 12, watoto 192. Kwa tiketi ya shilingi 2,000 ni shilingi 64,000 zaidi kila saa. Unazipataje? Watoto 16 wanaofuata wawe wameshaingia kwenye kizimba chao, tiketi zimeshachanwa, urefu umeshapimwa, viatu vinavyochomoka mguuni viko mkononi mwa mama. Kamba na nguzo nne za mbao zinatosha kutengeneza kizimba hicho. Yaani kila kinachoweza kufanyika kabla ya geti kifanyike kabla ya geti. Nitalirudia hili hadi mnichoke.

Na foleni ya VIP achana nayo. Najua umeiwaza. Disney, wale Wamarekani wenye viwanja vikubwa vya burudani, walianza mwaka 1999 na tiketi za kurudi baadaye kwa saa uliyopangiwa na kupita foleni fupi, bure kwa wote. Kufika 2021 wakaondoa ya bure na kuweka ya kulipia, na sasa ni biashara kubwa. Wana uwezo wa kuibeba. Mimi nimesimama mahali foleni mbili zinapokutana, pale unaporuhusu kadhaa wa kulipia kisha mmoja wa kawaida, na nawaambia matusi yote ya dunia nimeyasikia pale, kwa lugha ambazo hata sizijui. Mtu anavumilia kungoja. Akiona aliyekuja nyuma yake anapanda kabla yake, havumilii. Kwenye uwanja wa mtaani ambako wote wanafahamiana, utachomewa mahema.

Afadhali uige walichokifanya zamani. Disneyland ya California ilipofunguliwa tarehe 17 Julai 1955 siku yenyewe ilikuwa vurugu: watu waliingia kwa tiketi za kughushi, lami ilikuwa mbichi, visigino vya akina mama vikazama. Kwa miaka mingi waliuza vijitabu vya tiketi za madaraja. Daraja A lilikuwa la michezo midogo, na kuanzia 1959 daraja E likawa la ile mikubwa. Kwenye kijitabu unapata E chache na za chini nyingi, kwa hiyo watu walijitawanya wenyewe bila kufukuzwa na mlinzi. Mfumo ule uliendelea hadi 1982. Idi iliyopita niliujaribu kwa karatasi za rangi tatu, zote kwa bei moja, nyekundu ya treni ikiwa moja tu kwa kila mtoto, na treni hiyo, ambayo kila mwaka hunitoa machozi, haikupata msongamano hata jioni. Mzee mmoja akaniuliza kama mwaka huu watoto wamepungua. Hawakupungua, waliongezeka. Ndiyo, najisifu. Nani mwingine atanisifu?

Jingine: mwambie mtu atangoja muda gani, na umtajie muda mrefu kidogo kuliko ukweli. Viwanja vikubwa hufanya hivyo. Ukisema dakika 30 akapanda baada ya 25, anaondoka anatabasamu. Ukisema "sasa hivi tu, mama", umejichimbia.

Lakini katika kukimbiza sekunde, kuna kitu kimoja hakikimbizwi, nacho ni kukagua. Njia ya rolakosta imegawanywa vipande, na treni hairuhusiwi kuingia kipande mpaka cha mbele kiwe kitupu; kompyuta inasimamisha yenyewe. Tarehe 2 Juni 2015 huko Alton Towers, Uingereza, kompyuta ya mchezo wa The Smiler ilisimamisha treni yenye watu 16. Mafundi hawakuona treni tupu iliyokuwa imekwama mbele, wakadhani mfumo una hitilafu, wakaulazimisha. Treni ikaenda kuigonga ile nyingine. Wasichana wawili wakapoteza mguu mmoja kila mmoja. Mwaka uliofuata kampuni ikapigwa faini ya pauni milioni 5. Mashine ikisema hapana, nenda kwa miguu yako ukaangalie kwa macho yako. Foleni izomee. Mwenye tiketi akitaka hela yake mrudishie. Haya mambo ya "twende tu, Mungu yupo" ndiyo yanayotuzika, na tunayasema tukiwa tumesimama karibu na waya uliochubuka.

Wewe huna rolakosta, una majumba ya upepo, na wengi wanayaona kama godoro. Viwango vya Ulaya vinasema upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa watoto washuke na jumba lishushwe. Sisi wa pwani kusi inapovuma tunafika huko kirahisi. Nunua kipima upepo, kipo cha kushika mkononi. Kamba zote zifungwe kwenye vigingi vya chuma vilivyozama, usifunge mbili ukaacha nne kwa kuwa "leo kumetulia". Wakubwa na wadogo wasichanganywe humo ndani, na feni iwe na mtu wake wa kuilinda asije mtoto akachomoa waya. Umeme ukikatika, mtu wa geti awe anajua tayari nani anaingia kutoa watoto na nani anashikilia ukuta usiwalalie. Fanyeni mazoezi kabla ya kufungua, kavukavu, bila watoto.

Na mtoto akiingia uwanjani, andika namba ya simu ya mzazi mkononi kwake kwa kalamu ya wino. Kule tulitumia bangili za karatasi, hapa kalamu inatosha na haipotei.

Umeniuliza pia uajiri watu wangapi. Kila mchezo wawili, mmoja mashine, mmoja geti. Wa mashine mtafute anayetulia. Wa geti mtafute mwenye macho, sauti, na ngozi ngumu. Anayeweza kumwambia mke wa mwenyekiti "mama, huyu bado mfupi, mlete mwakani" bila kutetemeka na bila kukosa adabu. Kwangu mtu wa geti analipwa zaidi ya mtu wa mashine. Kijana wangu wa mashine ameshalalamika, anasema yeye ndiye anayeendesha. Nimemwambia nafasi ya geti ikitokea aombe.