Kabla ya Kuhamia Kibaha, Chanika au Bunju: Chagua Barabara Kwanza, Nyumba Baadaye

Wenye watoto wadogo wakichoka na kodi za Sinza, Kinondoni au Tabata, wengi huanzia kwa dalali. Wanauliza vyumba viwili, sebule na choo cha ndani vinapatikana wapi kwa bei nafuu, wanapelekwa Jumapili mchana, njia nyeupe, upepo mzuri, kodi nusu ya wanayolipa sasa. Wanatoa ya miezi 6. Bei halisi ya nyumba ile wanaanza kuijua Jumatatu saa 11 alfajiri.

Anayekaa nje ya Dar es Salaam na kufanya kazi mjini ana kodi mbili: ya mwenye nyumba, na ya makonda na bodaboda. Hiyo ya pili haina mkataba, hulipwa kila siku, na ndiyo inayomrudisha mtu mjini kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo kaa na kalamu kabla hujaenda kuona nyumba yoyote.

Weka mfano. Mjini mnalipa kodi ya shilingi 350,000, huko mnakotaka kwenda ni 150,000, kwa hiyo mnaokoa 200,000 kwa mwezi. Wote wawili mnafanya kazi mjini siku 26 za mwezi. Mjini kila mmoja anapanda gari moja la 600 kwenda na kurudi; kwa wawili ni 62,400. Kule mnapanda bodaboda ya 1,000 hadi barabarani, gari la kwanza 1,000, gari la kuunga 700. Kwa wawili ni 280,800. Nauli imeongezeka kwa 218,400, yaani mmehama ili mle hasara ya 18,400 na kulala saa mbili pungufu kila usiku. Sasa ondoa bodaboda tu, nyumba iwe pa kutembea kwa miguu hadi kituoni: nauli inashuka hadi 176,800 na mnabaki na akiba ya 85,600. Na kama anayekwenda mjini ni mmoja, mwingine ana shughuli huko huko, akiba inafika 174,000. Badilisha tarakimu, weka nauli za njia yenu, lakini hesabu iwe hiyo. Utaona mara nyingi kwamba nyumba ya 180,000 iliyo dakika 10 kutoka lami ni rahisi kuliko ya 120,000 iliyo ndani ndani.

Jambo la pili, ambalo dalali hawezi kukuambia kwa sababu hapandi gari hilo: magari yanaanzia wapi? Aliye kwenye kituo cha mwanzo anakaa kwenye kiti, anasinzia, anafika kazini akiwa mtu. Aliye vituo vitatu mbele anaona magari yakipita yamejaa, au inabidi ageuze nalo, arudi nyuma hadi mwanzo na kulipa nauli mara mbili ili apate kiti. Ndiyo maana wakati mwingine kilomita 5 zaidi kutoka mjini ni afadhali kuliko 5 pungufu. Anayekaa Chanika jirani na stendi anaweza kusafiri kwa raha kuliko wa Pugu anayesubiri gari la Chanika lipite. Kabla ya kulipa, simama kituoni utakachotumia siku ya kazi kati ya saa 11 na saa 1 asubuhi, uhesabu ni magari mangapi yanasimama na mangapi yanapita moja kwa moja. Kisha jioni, saa 12 hivi, panda gari la kurudi kutokea Kariakoo au Posta, hadi mlangoni. Safari ya jioni ndiyo mbaya zaidi, na wengi husahau kuijaribu.

Kuhusu barabara zenyewe. Ya Morogoro ndiyo iliyofunguka zaidi: kipande cha Kimara hadi Kibaha kimepanuliwa hadi njia nane, stendi kuu ya mabasi imekuwa Mbezi Luis tangu 2021, na mwendokasi, yaani mabasi yenye njia yake yenyewe, inayoanzia Kimara imekuwepo tangu 2016. Kibaha, karibu kilomita 40 kutoka Posta, ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, kwa hiyo ina ofisi, ina soko, ina Hospitali ya Tumbi, na kazi za pale pale zinapatikana. Kwa familia ambayo mmoja ni mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara mdogo, ni vigumu kupata mahali pazuri zaidi. Udhaifu wake ni kwamba kupanuliwa kwa lami huko nje hakujaondoa msongamano mbele: unafika Kimara haraka, kisha unapanga foleni ya mwendokasi. Na mvua kubwa ikijaza maji Jangwani, njia ya kwenda Kariakoo na Posta hufungwa. Anayefanya kazi Ubungo au Mwenge hilo halimsumbui sana. Wa Posta alijue mapema.

Upande wa Pugu, Chanika na Kisarawe kodi ni za chini, hewa ya Kisarawe ni nzuri kwa mtoto, na kuna treni ya mjini ya reli ya zamani inayofika Pugu. Treni hiyo ni ya asubuhi na jioni tu, kwa hiyo inamfaa mwenye saa za kazi zisizobadilika. Usiichanganye na ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria wa Morogoro Juni 2024. Ina kituo Pugu, lakini imepangwa kwa safari za mikoani, na si ya kukuwahisha kazini kila siku. Barabara ya Kilwa ina Mbagala, Kongowe, Vikindu na Mkuranga, inafaa kwa wa Kurasini, bandarini na Kariakoo. Ya Bagamoyo, yaani Boko, Bunju, Mapinga na Kerege, inafaa kwa wa Mwenge, Mikocheni na Masaki. Kwa wa Buguruni au Uwanja wa Ndege ni adhabu. Kigamboni iko karibu kwa macho, lakini uhai wako unategemea pantoni au Daraja la Nyerere. Pantoni moja ikiingia matengenezo, foleni ya Magogoni unaweza kuizeekea.

Kanuni ni moja: usivuke mji. Kaa kwenye barabara inayoishia upande unaofanyia kazi. Kama baba yuko Tegeta na mama yuko Mbagala, hakuna mji wa pembeni utakaowafaa wote. Chagueni wa yule anayerudi kuchukua mtoto.

Nyumba ikishapita mtihani wa usafiri, nenda kwenye maji. Hapa wengi hudanganyika kwa swali baya. Ukiuliza “maji yapo?” utajibiwa yapo. Uliza: ni ya DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar es Salaam) au ya kisima? Yanatoka siku ngapi kwa wiki, na saa ngapi? Bili ya mwezi uliopita iko wapi? Kisha waulize wapangaji, usimuulize mwenye nyumba. Kibaha, Kibamba na Mbezi hupata maji ya mtambo wa Ruvu Juu. Ukanda wa Bagamoyo hadi Tegeta hupata ya Ruvu Chini. Kigamboni hutegemea zaidi visima virefu vya Kimbiji. Mitambo yote miwili ya Ruvu inanywa mto mmoja, na mwishoni mwa 2022 kina chake kiliposhuka mgao ukawa mkali. Nyumba isiyo na tangi kwa mwezi wa namna hiyo si nyumba.

Familia ya watu wanne yenye mtoto wa nepi hutumia lita 200 kwa siku bila kufuja, yaani ndoo 10. Ukinunua kwa 300 kila ndoo, ni 90,000 kwa mwezi, na akiba yako imekwisha tena. Kwa bomba, unit moja ni lita 1,000, ndoo 50. Tangi la lita 1,000 litawafikisha siku 5, la 2,000 siku 10. Linganisha na siku za mgao wa mtaa huo. Tangi likiwa chini bila mnara wala pampu, mjue mtachota kwa ndoo hata kama ndani kuna koki.

Visima vya ukanda huu vingi vina chumvi. Kupima ni rahisi: onja, kisha nawa mikono kwa sabuni ya mche. Povu likigoma, nguo zitakakamaa na sabuni itaisha haraka. Angalia pia koki na vigae vya bafuni. Ukoko mweupe ni ushahidi ambao mwenye nyumba hawezi kuupaka rangi. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini chumvi haitoki, kwa hiyo maji ya uji na ya kunywa ya mtoto mtanunua. Ingizeni kwenye hesabu.

Umeme ni mfupi zaidi: ingia kwenye nyumba yenye LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) yako mwenyewe. Mtumiaji mdogo asiyezidi unit 75 kwa mwezi ana bei nafuu ya 100 kwa unit. Familia nne zikichangia mita moja hupita hapo bila jasho, zote zinalipa bei ya juu, na mwenye friji anagombana na mwenye redio. Kodi ya jengo nayo hukatwa kwenye LUKU tangu 2021. Ni deni la mwenye nyumba, kwa hiyo mkubaliane iwe inapunguzwa kwenye kodi yako.

Masika ni Machi hadi Mei, na huo ndio msimu wa kutafuta nyumba kama unaweza kusubiri. Bonde lililokauka Agosti linapendeza kama uwanja wa mpira. Ukitafuta kiangazi, soma dalili: mstari wa tope kwenye kuta za majirani, viroba vya mchanga vilivyopangwa mlangoni, nyumba mpya zilizoinuliwa msingi kuliko za zamani, udongo wa mfinyanzi uliopasuka njiani. Muulize bodaboda wa kijiweni, mvua ikinyesha anaishia wapi na anatoza ngapi; huyo ndiye ramani ya mtaa. Na ulizia shimo la choo: panapokaa maji juu juu hujaa kila masika, na kama gari la kunyonya halifiki, mtaishi nalo.

Sasa watoto. Wazazi wote wakitoka saa 11 alfajiri, kituo cha kulelea watoto kinachofungua saa 12 na nusu hakiwasaidii. Lazima apatikane dada wa kazi au bibi wa kukaa naye, na huyo anahitaji pa kulala, kwa hiyo vyumba viwili vinakuwa vitatu na kodi inapanda. Pigeni hesabu ya nyumba mtakayoihitaji kweli.

Shule ya serikali haina ada tangu 2016, lakini nenda ukaone darasa la kwanza kwa macho. Mitaa inayokua kasi ina watu wengi kuliko madarasa, na mtoto anaweza kuwekwa zamu ya mchana. Njia ya kwenda shule isivuke barabara kuu. Kumpandisha mtoto daladala peke yake nako ni shida, kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo na makonda huwaruka asubuhi. Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza huanza Oktoba kwa ajili ya Januari, na utaulizwa cheti cha kuzaliwa; ukihama Februari mtoto wa umri huo ataingia katikati.

Mwenye mtoto mchanga atakwenda kliniki wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha mwezi wa 9 na wa 18 kwa chanjo, mbali na kupima uzito. Zahanati ya mtaa inatosha kwa hayo. Swali gumu ni la usiku: homa ikipanda saa 8 usiku, kituo gani kiko wazi, na nani atakupeleka? Upande wa Barabara ya Morogoro una hospitali za Tumbi na Mloganzila. Kwingine tafuta jibu kabla ya kulipa, na uwe na namba za bodaboda wawili, si mmoja.

Kiwanja usikikimbilie. Kwanza kaa kwa kupanga nyumba mwaka mmoja ambao ndani yake kuna masika, ndipo ujue mtaa gani unanunulika, na hata hapo utafute kilichopimwa.

Dalali kwa desturi huchukua kodi ya mwezi mmoja, na wengine hudai hela ya kukuzungusha. Patana nayo mapema na uilipe mara moja, hata akikuonyesha nyumba tano. Omba kodi ya miezi 3. Nje ya mji nyumba hukaa wazi muda mrefu, na mwenye nyumba aliyegoma asubuhi hukubali jioni. Mkataba uandikwe namba ya mita ya LUKU, usomaji wa mita ya maji siku ya kuingia, nani analipa gari la kunyonya choo, na notisi ya miezi mingapi. Deni la maji la mpangaji aliyeondoka likatwe kwenye kodi yako kabla hujakabidhi hela, kwa sababu ukishahamisha kabati hakuna atakayekusikiliza.