Je, Dez Bryant aliudaka?

Swali: Mhariri, naendesha lori hapa Dallas. Wenzangu bado wanalilia mpira wa Dez Bryant, mdakaji wa Dallas Cowboys, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani. Aliudaka au la? – Msomaji, Texas

Jibu: Ndugu yangu, kwa macho yangu aliudaka. Ilikuwa 11 Januari 2015, Green Bay, wenyeji Packers wakiongoza 26-21. Tony Romo, mrushaji wa Cowboys, alirusha mbali. Bryant akaruka juu ya beki, akaushika, akapiga hatua, akanyoosha mkono kuufuata mstari wa goli. Waamuzi uwanjani wakakubali. Kocha wa Packers akapinga, marudio yakatazamwa, na mwamuzi Gene Steratore akafuta. Simlaumu. Sheria ya wakati ule ilimtaka anayedaka huku akianguka aumiliki mpira mpaka amalize kuanguka, na ule ulipogusa nyasi ulimponyoka. Kilichoniuma ni sheria yenyewe! Calvin Johnson wa Detroit ilishamnyima 2010, na Jesse James wa Pittsburgh ikamnyima 2017. Ndipo 2018 ligi ya NFL ikaliondoa sharti hilo. Siku hizi mchezaji akiumiliki mpira, akakanyaga ndani kwa miguu yote miwili, kisha akapiga hatua ya tatu au akaunyoosha mbele, amedaka. Waambie wenzako Bryant alifanya yote hayo.