Poliyurethani ya maji: hiyo stilwaya iache jikoni

Wewe uliyeuliza kama poliyurethani ya maji, yaani vanishi inayochanganywa na maji, inafaa kwenye kabati la jikoni badala ya ile ya mafuta inayochanganywa na tina, na kama harufu yake ni nafuu kwa watoto, halafu ukamalizia eti kati ya mkono na mkono wa vanishi utasugua na stilwaya laini, zile nyuzi za chuma za kusugulia, kama ulivyozoea, SIMAMA HAPO HAPO. Usiguse.

Nimefanya hivyo hivyo mwaka jana kwenye meza ya mninga ya watu sita, ya mteja, advansi nimeshaila. Muuzaji wa hadwea nilimuuliza kabisa, akanijibu fundi, vanishi ni vanishi, hii tofauti yake haina harufu tu. Haina harufu tu!! Nikapiga mkono wa kwanza, masaa mawili ikawa imekauka, nikasugua na stilwaya, nikafuta vumbi, nikapiga wa pili. Jioni meza inang'aa unajiona uso. Asubuhi nafungua karakana nakuta vidoti vya kahawia meza nzima kama mtu kanyunyizia pilipili manga, napitisha kidole, laini, haviondoki, viko CHINI ya vanishi. Kumbe zile nyuzi za chuma zinakatika zinabaki kwenye vinyweleo vya mbao, huzioni, ukipaka kitu chenye maji juu yake zinapiga kutu humo humo. Ile ya tina haina maji, ndo maana miaka yote tumesugua na stilwaya hatukuona shida.

Nikakwangua mpaka mbao tupu, siku tatu, mteja anapiga simu asubuhi na jioni, vanishi ya pili nimenunua kwa hela yangu. Nilipomrudia yule muuzaji akasema eti mbao yangu ilikuwa mbichi. Mbichi wapi, mninga umekaa karakana miaka miwili! Jamani kama kitu hukijui usimshauri mtu.

Kwa hiyo ni msasa tu, namba 220 au 320, vumbi lifute na kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha subiri pakauke. Chuma kisiguse hiyo kazi, hata brashi ikishaanza kutu pale kwenye bati lake tupa. Baada ya mkono wa kwanza utapapasa mbao utaona inakwaruza kama kidevu cha juzi, usishtuke, ni maji yamesimamisha nyuzi zake, pitisha msasa mwepesi uendelee. Vanishi ikiwa nzito ongeza maji kidogo, usitie tina.

Harufu kwa watoto ndiyo, ni nafuu sana, na haigeuki njano kama ya mafuta. Ila hiyo stilwaya kama ulishainunua mpe mama ajisugulie masufuria, leo leo.